Maneno juu ya Kumlea Mtoto Mwenye Ulemavu Mkubwa



Nalipoitwa kuja kunena katika siku hizi za yubilei, nalidhani nitaambiwa nieleze habari za shule zetu za kwanza, au habari za wazee wetu waliobeba mawe ya kujengea kanisa kutoka mtoni. Habari hizo nazijua kiasi, nami napenda kuzisimulia. Lakini nikaombwa jambo jingine: nieleze jinsi wazazi wamleavyo mtoto mwenye ulemavu mkubwa, msaada gani waupata, na msaada gani wautafuta wasiupate. Nikauliza, "Mbona mimi?" Nikajibiwa, "Kwa kuwa wewe unaye." Ni kweli, ninaye. Na wengi wenu hapa mwanijua tangu miaka mingi, wala hamkujua kwamba ninaye. Habari hiyo nitaifikilia.

Kwanza niseme ni mtoto wa namna gani. Sineni habari za mtoto achechemeaye, wala za yule aliyekatwa kidole. Nanena habari za mtoto ambaye hawezi kukaa asiposhikwa, hawezi kupeleka tonge kinywani, hawezi kusema neno likasikika, naye huhitaji mikono ya mtu mwingine tangu alfajiri hata usiku wa manane. Mwanangu ni wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 2012. Sasa uzito wake ni kilo 31, na mama yake hambebi tena mgongoni ila kwa njia fupi.

Alizaliwaje? Mama yake alishikwa na uchungu usiku, naye hakujifungua hata jioni ya siku ya pili. Twalimshusha mlimani kwa machela, tukapata gari, tukafika. Mtoto alipotoka hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu. Wauguzi wakampeleka chumba kingine, nasi tukaketi. Siku ya tatu akashikwa na degedege. Siku ya tisa tukaruhusiwa kurudi nyumbani, tukapewa kadi yake, wala hakuna mtu aliyetuambia neno lo lote juu ya yaliyokuwa yamempata. Siwalaumu kwa kuwa mtoto hakulia. Nasema tu kwamba hatukuambiwa. Mtu akikupa mzigo umefungwa, akanyamaza, wewe utajuaje uubebe kichwani au begani?

Basi twalikaa. Mwezi wa tano shingo yake haikukaza. Zahanati wakasema watoto wa kiume huchelewa. Mwezi wa nane alikuwa mgumu kama ubao akishikwa hivi, na mlegevu kama kitambaa akishikwa vile. Jamaa wakaanza kunong'ona. Wengine walisema mama yake alivuka mahali pasipovukwa. Wengine walisema ni mambo ya upande wangu, kwamba babu zangu waliacha deni. Mbuzi watatu walikwenda kwa waganga. Naam, mbuzi watatu wa katekista. Nalikuwa nikifundisha watu Jumapili, na Jumatatu usiku nikishika kamba ya mbuzi. Nawaambieni haya si kwa kuwa napenda kuyasema, bali kwa kuwa mwenzangu mmoja aliyeketi hapa huenda leo ameshika kamba hiyo, naye adhani yu peke yake.

Mtoto alipokuwa na miezi kumi na minne twalimpata kijana mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, katika hospitali nyingine. Alimvua nguo mtoto, akamtazama muda mrefu pasipo kusema. Kisha akaketi chini mkekani pamoja nasi, maana hakutaka kunena akiwa amesimama, akasema, "Ugonjwa huu una jina. Waitwa mtindio wa ubongo." Akaeleza kwamba ubongo wa mtoto uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwamba wengine huupata kwa manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa kuzaliwa kabla ya siku zao. Akasema jeraha la ubongo haliendelei kukua, wala halitapona. Lakini viungo vikiachwa bila mazoezi vitakakamaa, na mifupa ya nyonga yaweza kutoka mahali pake. Si laana, wala haiambukizi.

Mama yake alilia. Nalidhani alia kwa kusikia kwamba hatapona. Njiani akaniambia, "Nalia kwa kuwa si mimi." Miezi kumi na minne alikuwa amechukua moyoni mwake hatia ambayo mtu mmoja mwenye elimu, kwa robo saa, aliweza kumtua. Kwa hiyo katika kuhesabu misaada, mimi nauweka wa kwanza huo: mtu aketi na wazazi, awaambie jina la jambo na habari zake kwa maneno ya kweli. Hauhitaji chombo, wala dawa, wala fedha za wafadhili. Nao ndio tulioukosa kuliko yote.

Hapa niongeze neno kwa ajili ya wakunga na akina mama vijana. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za hospitali 8 za Tanzania ambamo wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua mara azaliwapo, kwa kumkausha, na kumsugua, na kumpulizia hewa kwa mfuko mdogo wa mkono. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Chombo chenyewe ni kidogo, chaingia katika kikapu. Kila mtaa uulize zahanati yake: mfuko huo upo? Na yupo ajuaye kuutumia?

Narudi kwa mwanangu. Yule kijana alituambia tumlete mara mbili kila mwezi. Hospitali ilikuwa mbali. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 9,000 kwa mama peke yake, na posho yangu kwa mwezi mzima ilikuwa 60,000. Konda mmoja alitaka mtoto alipiwe kama mtu mzima kwa sababu amelazwa juu ya kiti. Mwingine alituacha kituoni mara mbili, akisema abiria hawapendi kelele. Twalikwenda hivyo miezi saba. Nami naliona kwa macho yangu mkono wake wa kushoto, uliokuwa ngumi tangu azaliwe, ukifunguka.

Kisha tukaacha. Watu walipouliza, nalisema nauli imekosekana. Ndugu zangu, nauli ilikuwako. Mwaka ule nalinunua mabati kumi na mawili. Nalichoka kutazamwa ndani ya basi, huo ndio ukweli. Nalichoka kuulizwa na watu nisiowajua, "Huyu ana nini?" Basi nikawa na mabati, na mtoto nikamweka chini ya mabati hayo, chumba cha nyuma. Miaka miwili. Alipopelekwa tena, nyonga yake ya kulia ilikuwa imetoka mahali pake, wala haikurudi hata leo, nayo humwuma wakati wa baridi. Mama yake hajanitajia habari ya mabati hata siku moja. Mvua ikinyesha usiku nikayasikia, silali.

Katika miaka ile wageni walikuja nyumbani kwangu, wazee wa mtaa, walimu, hata mapadre, wakanywa chai, wakaniuliza watoto ni wangapi. Nalisema watano. Ni sita.

Sasa nitasema habari za misaada mingine kama tulivyoiona, iliyo mizuri na isiyo mizuri.

Kiti. Walikuja wafadhili wenye moyo mwema, wakagawa viti vya magurudumu. Mwanangu akapewa kimoja, akapigwa picha, akapigwa makofi. Kiti kilikuwa cha mtu mzima. Alipoketishwa aliteleza kama mchele katika ungo, kichwa kikaanguka kando, na baada ya juma moja akapata vidonda mgongoni. Tena njia zetu za milimani mwazijua: gurudumu halipiti. Kiti kile kikawa cha kuanikia nguo. Sikatai viti, la. Mtoto wa bondeni mwenye nguvu za mikono, kiti cha kadiri yake humfungulia dunia. Lakini kiti hupimwa mwilini kama suruali. Asiyepima asigawe.

Kiti kilichotufaa kilitengenezwa kwa karatasi. Mtacheka, nami nalicheka. Huko Zimbabwe, tangu miaka ya 1970, mwalimu mmoja aitwaye Bevill Packer alianza kufundisha watu kutengeneza vyombo vigumu kwa karatasi kuukuu, maboksi na gundi ya uji wa unga, na kazi hiyo ikaenea katika nchi nyingine za Afrika, hasa kwa kuwatengenezea viti watoto wenye ulemavu. Mama mmoja aliyejifunza alikuja kutuonyesha. Twalikusanya maboksi ya sabuni na madaftari ya zamani ya shule, tukapaka uji, tukabandika tabaka juu ya tabaka, tukaacha yakauke juma baada ya juma. Alimpima mtoto kwa kamba: kutoka nyonga hata goti, kutoka goti hata kisigino. Kiti cha kwanza kililiwa na panya, kwa kuwa tulikiacha jikoni nacho ni uji mtupu. Cha pili twalikipaka vanishi. Siku alipoketi ndani yake, na meza yake mbele, na mkanda kifuani, alitazama nyumba yake mwenyewe kana kwamba amehamia jana. Alikuwa na umri wa miaka sita, naye alikuwa ameijua dari tu.

Chakula. Twalikuwa tukimlisha amelala, kichwa nyuma, uji tukiumimina. Ndivyo walivyofanya bibi zetu. Mwaka mmoja aliugua kifua mara nne. Kumbe uji ulikuwa ukiingia njia ya pumzi. Twalifundishwa kumketisha wima, kidevu kikielekea chini kidogo, kijiko kidogo, chakula kizito kiasi, na kungoja ameze kabla ya kuongeza. Kumlisha kwachukua saa nzima, asubuhi na mchana na jioni. Hesabuni wenyewe: ni saa tatu za mama kila siku, kabla hajachota maji.

Dawa. Mwanangu ana kifafa pia, na dawa yake si ya bei kubwa. Lakini dawa isiyo ya bei kubwa nayo yaweza kukosekana. Zahanati iliishiwa, nasi tukaanza kukata vidonge nusu ili tufike mwisho wa mwezi, kisha vikaisha kabisa. Usiku wa tatu degedege lilimshika, halikumwacha hata jogoo wakawika. Daktari alitukemea, na alikuwa na haki: dawa za kifafa haziachwi ghafula. Walakini hakutuambia tungezipata wapi. Sasa katika kikundi chetu tunayo akiba. Mwenye vidonge vya dawa ile ile iliyoandikwa na daktari humkopesha mwenzake, naye hurudisha. Nafahamu kwamba wataalamu hawapendi jambo hilo. Nao wahakikishe zahanati haziishiwi, nasi tutaacha.

Sheria nazo si haba. Umoja wa Mataifa uliandika mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Humo imo haki ya matibabu na ya elimu, na kamati za watu wenye ulemavu zatakiwa ziwepo hata vijijini. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kuzipa fedha nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za kwao kila mwezi, na mlezi huzipokea kwa niaba yake. Kwetu upo mfuko wa TASAF, tangu mwaka 2000, nao husaidia nyumba maskini sana. Na majina hutajwa katika mkutano wa kijiji. Sikilizeni neno hilo: hutajwa mkutanoni. Mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma hatajwi. Baba yake atasimamaje mbele ya kijiji amtaje yule ambaye jana alikana kwamba yupo? Mimi nalikuwa katika mkutano kama huo, nikiandika majina ya wengine, kwa kuwa hati yangu ni nzuri. La mwanangu sikuliandika.

Nalipokwenda baadaye kutafuta barua na vyeti, nalionja vumbi la mlango baada ya mlango. Ofisi hii yataka barua ya mtendaji. Mtendaji ataka cheti cha daktari. Daktari yuko siku moja tu katika juma. Siku hiyo amekwenda semina. "Njoo kesho." Kwa mtu mwenye miguu, kesho ni neno dogo. Kwa mama mwenye mtoto wa kilo 31 mgongoni, kesho ni siku nzima ya njaa, na shamba lililoachwa kwa nyani. Alikuwapo afisa ustawi mmoja, binti mdogo, ambaye aliposikia hivyo aliziandika barua zote tatu mwenyewe, akapanda pikipiki, akazitia mihuri, akatuletea nyumbani. Hakuvunja kanuni hata moja. Yeye alitembea badala ya mtoto, basi.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Walimu wa lugha waliotutangulia waliandika kilema, kiziwi, kipofu; siku hizi twafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu. Wako wasemao kwamba ile ki- yamfanya mtu kuwa kitu. Sina hakika, maana kijana ana ki-, na kiongozi ana ki-, wala sijamsikia kiongozi akilalamika. Lakini jirani mmoja alipouliza, "Kile kitoto chenu kingali hai?" mama yake hakula usiku ule. Basi wenye kuniambia nichague maneno, nawasikia.

Walimu, sasa nawageukia ninyi. Shule za watoto wenye mahitaji maalum zipo, na makanisa yalitangulia katika kazi hiyo. Shule ya wasioona ya Buigiri, kule Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Hapo Irente, Lushoto, Walutheri wanayo shule ya wasioona, na shule nyingine ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Lakini mtoto asiyeweza kukaa wala kwenda chooni mwenyewe, karibu kila mlango husema hakutengenezewa yeye. Nalimpeleka mwanangu shule moja aandikwe. Mwalimu mkuu akasema, "Hapa hatuna mwalimu wa watoto wa namna hiyo." Nalikasirika. Kisha nikachungulia darasa la kwanza: watoto 94, mwalimu mmoja, chaki kidogo. Hasira yangu ikapungua, ingawa haikuisha.

Mwalimu yule wa darasa la kwanza, ambaye sikumwomba lo lote, alikuja nyumbani siku ya Jumamosi. Akaketi mbele ya kiti cha karatasi, akashika kadi mbili, moja ya jogoo na moja ya ng'ombe, akauliza, "Jogoo yuko wapi?" Mtoto akatazama jogoo. Akabadilisha mikono. Akatazama jogoo tena. Akaleta kadi nyingine, na nyingine, mpaka nikaona mwalimu machozi yanamlenga. Wakapatana naye ishara: akitazama juu ni ndiyo, akifumba macho ni la. Ndugu zangu, katika miaka saba nilikuwa nikinena mbele ya mtoto huyu kama mtu anenavyo mbele ya gunia. Nalisema mbele yake kwamba ingekuwa heri asingezaliwa. Mwalimu alipoondoka nalimwuliza, "Ulikuwa ukifahamu maneno yetu?" Akatazama juu. Nikauliza, "Yote?" Akatazama juu, akakaa akitazama juu muda mrefu.

Sitawadanganya kwamba kila mtoto wa namna hii ana akili timamu iliyofungiwa. Wengine wameumia katika fahamu pia, nao wastahili uji wa moto na kushikwa kwa upole vile vile. Nasema tu: msiamue kabla ya kuuliza, na muulize kwa njia ambayo mtoto aweza kujibu. Mwanangu sasa huletwa darasani siku mbili katika juma, na watoto wenzake wamegombania zamu ya kumsukuma hata ikabidi iandikwe orodha.

Baada ya siku ile nalifanya jambo ambalo ningalipaswa kulifanya tangu zamani. Nalichukua kitabu cha ubatizo cha mtaa wetu, nikatafuta majina ya watoto waliobatizwa nami sijawaona tena, wala katika mafundisho, wala shuleni, wala mazishini. Nalipata majina ishirini na matatu. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Tisa walikuwa wamekufa. Sita walihama na wazazi wao. Wanane walikuwa chumba cha nyuma. Nilikuwa nikipita mbele ya milango ile kila juma, nikisalimu, nikipokea sadaka. Mmoja alikuwa binti wa miaka kumi na minne, mwepesi kama kuku, amelala juu ya gunia, na bibi yake peke yake. Bibi aliponiona alidhani nimekuja kumshitaki. Nalimwambia, "La, mama. Nami ninaye." Akaniachia nafasi mkekani.

Kutoka nyumba hizo nane, na za mitaa ya jirani, kikundi chetu kilianza. Sasa tuna watoto kumi na saba. Akina baba wanaokuja ni wanne. Wengine waliondoka mtoto alipojulikana hali yake, wakaoa kwingine. Wengine wako nyumbani lakini Jumatano huwa na kazi. Kila mmoja hutoa shilingi 500. Twafanya mazoezi ya watoto pamoja, kama tulivyoonyeshwa na yule mtaalamu, ambaye sasa huja kwetu mara moja kwa mwezi badala ya sisi kwenda kwake; nauli yake twailipa kwa umoja, nayo ni ndogo kuliko nauli zetu kumi na saba. Mwajua watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mle ndani hakuna mwenye usufi; kila mmoja ana mawe yake. Labda ndiyo sababu pana kicheko kingi kuliko mtu aingiavyo akadhani.

Liko swali moja ambalo katika kikundi hatulitaji mara nyingi. Mama yake mgongo umeharibika. Mimi nimekwisha pita arobaini. Watoto wenye hali hii, wakilishwa vizuri na kutibiwa kifua, wengi huishi hata utu uzima. Nani atambeba? Dada zake wataolewa. Ofisini nalipouliza, niliambiwa jamaa ndio watakaomtunza. Jamaa ni nani, nikiwa mimi mwenyewe, baba yake, nalimficha miaka saba? Sina jibu, wala sikuja nalo.

Lakini mambo madogo yapo, nami nayaomba mbele ya Baba Askofu na mbele yenu nyote. Mlango wa kanisa letu una vidato vitano; vya upande wa sakristia ni viwili. Tumepata mchanga na mawe, twaomba mifuko miwili ya saruji ili tujenge njia ya mteremko upande huo. Pili, naomba akina mama wa chama wajiandikishe wawili wawili, waketi na mtoto mmoja siku ya Jumamosi kwa saa nne, ili mama yake aende sokoni, au alale. Wengi wao, tukiwauliza wataka nini, husema walale. Kumlisha tutawafundisha kwa siku moja. Tatu, makatekista wenzangu: vitabu vya ubatizo mnavyo kabatini.

Kikundi hukutana Jumatano, saa tatu asubuhi, katika chumba cha ushonaji nyuma ya kisima. Mlango wake mwembamba, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu apitie upande wa mwembe, tutamfungulia. Akina baba tumewawekea benchi. Mwanangu yupo hapa leo, safu ya mbele, upande wa kushoto, katika kiti chake cha karatasi. Mtakapotoka mwaweza kumsalimu. Mkimwuliza jambo, ngojeni kidogo, kisha mtazame macho yake.

Nimekwisha.